Kundi la Wanawake Wazima

Husby, Stockholm
12 Oktoba 1986

Wifi yangu mpendwa Wamuyu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Barua yako ya Agosti ilifika ikiwa na vumbi la chaki, nikajua umeiandika darasani watoto wakipiga kelele. Wape salamu wale wanaume wako watatu wadogo na baba yao. Mama mkwe msalimie kwa namna ya pekee, mwambie shuka alizotuma ndizo tunazolalia.

Sisi tu wazima. Gitau amepewa kazi ya kudumu pale Kista, anapima vyombo vya umeme kabla havijauzwa. Jioni hukaa mbele ya televisheni kuangalia watu wakipigana kwa fimbo juu ya barafu, na anauita mchezo. Ndiye kaka yako huyo, mimi nilimkuta hivyo hivyo. Ghorofa iliyo chini yetu amehamia Mganda mmoja, Hajara, aliyekimbia nchi yake wakati wa vita na sasa anatunza wazee. Kiswahili chake kina amri nyingi kama cha askari, lakini moyo wake ni mwema.

Sasa nikupe habari yangu. Unajua kwamba naosha chupa na mirija ya kioo katika maabara ya hospitali. Pale kuna daktari mwanamke, Ekwall, anatafuta kitu katika damu. Anasema kuna ugonjwa ambao nyama ya ndani ya kizazi huota mahali pengine tumboni, na kila mwezi huvuja damu huko huko isikokuwa na njia ya kutokea. Huumiza sana, na mara nyingi huzuia mimba. Hauonekani mpaka mwanamke alazwe, atobolewe kitovuni na kuchunguliwa kwa bomba lenye taa, na wengi huzunguka miaka na miaka wakiambiwa hawana kitu. Ekwall anataka damu iseme kabla ya kisu. Damu ya wagonjwa anayo, ila alipungukiwa na ya wanawake wazima wa kulinganisha nao, akatuomba sisi wafanyakazi.

Aliniuliza kama hedhi inanisumbua. Nikamjibu kama mtu anavyojibu salamu, sijambo. Akaandika, akanitoa damu, na sasa mimi ni mmoja wa wanawake wazima wa hospitali kubwa ya Stockholm. Usinikumbushe siku ile ya wiki ya harusi uliponikuta nimelala kwenye sakafu ya jikoni kwenu nikiuma kanga. Hayo ni ya kila mwanamke, na siku ya pili si nilicheza mpaka alfajiri? Ukicheka, cheka, lakini nilitoka maabara nikitembea kama mke wa chifu.

Wako,
Wilkister


Nakuru
23 Novemba 1986

Wifi yangu Wilkister, mke wa chifu,

Nimecheka mpaka mwalimu mkuu akachungulia dirishani. Huku hatujambo. Mvua ya vuli imekuja kidogo, maharagwe yamejitahidi. Wavulana wanakunywa maziwa ya shule kisha wanarudi nyumbani kusema hawajala. Baba yao yuko njiani na lori wiki nzima. Mama mguu unamsumbua lakini kanisani hakosi.

Habari yako ilinifurahisha mno nikaona nisiifiche. Jumamosi kina mama wa kanisa walikuja kumwona mama, nikaitoa barua na kuwasomea pale uliposema umechaguliwa katika kundi la wanawake wazima. Niliwageuzia kwa Kikuyu. Hayo mengine ya jikoni niliyaruka, mimi si mjinga. Wote walipiga makofi, mama mwenyewe akatabasamu, nikasema leo wifi yangu ametetewa na Wazungu.

Ila walipokwisha kuondoka mama aliniita. Aliuliza, "Kama daktari mkubwa amesema ni mzima, basi kinachomzuia ni nini?" Akasema amesikia redioni juu ya vidonge wanavyomeza wanawake wa huko ili wasizae, na kwamba miaka saba haiwezi kupita bure kwa mwanamke mzima. Nilimwambia Wilkister si wa hivyo.

Unamjua mama, na desturi yetu unaijua. Binti wa kwanza wa Gitau ndiye atakayeitwa Wangechi, jina la mama, na hapo mama atakuwa amezaliwa tena. Mimi Mungu amenipa wavulana tu, na mwana wa kiume mama anaye mmoja. Anaogopa kufa bila kuitwa na mtu. Kwa hiyo nakuuliza kama wifi, wala usinune. Je, kuna vidonge?

Wako,
Wamuyu


Husby
20 Januari 1987

Wamuyu,

Nimepokea barua yako. Nawasalimu wote. Gitau yupo, amekwenda kazini. Theluji imefika madirishani kwa wale wa ghorofa ya chini, na asubuhi Hajara huifagia huku akiitukana.

Hakuna vidonge. Ningekuwa na hasira kidogo zaidi barua hii ingeishia hapo.

Ilikuwaje ukamsomea mama na kanisa zima? Nilikuandikia wewe. Umenivua nguo mbele ya watu ukidhani unanivika. Lakini nitalaumu mdomo wako nusu tu, maana nusu nyingine ni wangu, na sasa nitakuambia nilichokuficha. Siku ile Ekwall alipokuwa anaeleza ugonjwa ule, mimi nilikuwa nimeshika beseni la mirija, na nilisikia tumbo langu mwenyewe likisimuliwa kwa Kiswidi. Kila neno. Maumivu ya kiuno yanayotangulia, maumivu wakati wa haja, maumivu ya kitandani na mume ambayo sijapata kumwambia mtu. Nilijua. Nikasema sijambo kwa sababu nilifanya hesabu ya kijinga, kwamba wakipima damu yangu pamoja na ya wazima na ikaonekana sawa, basi na mimi ni mzima, na ninayoyasikia ni uoga wangu tu. Nilitaka kupimwa bila kukiri.

Damu haikukubali. Kabla ya Krismasi Ekwall aliniita chumbani kwake. Kile kitu wanachokitafuta kilikuwa kimepanda mara nne ya kiwango cha kawaida. Walidhani mirija imechanganywa, wakapima tena, ikawa vile vile. Akaniuliza safari hii polepole, akiwa ameweka kalamu chini. Nikamwambia yote tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nililia, Wamuyu, mbele ya mwanamke ambaye naosha vikombe vyake vya kahawa.

Hakunikemea. Alisema anapaswa kuniondoa katika kundi la wazima kwa sababu nimelivuruga, na kwamba sasa atawauliza upya wote waliobaki, maana hajui ni wangapi wengine walimjibu kama nilivyomjibu mimi. Mwezi wa nne watanichungulia tumbo.

Nina ombi moja. Mwambie mama ukweli kwa mdomo wako, kama ulivyomwambia ule uongo wangu. Mwambie naumwa, na nimeumwa tangu zamani, na mtoto wa Gitau nimemtaka kuliko alivyomtaka yeye. Mimi nikimwandikia, atamtafuta mtu wa kumsomea na ataamini anachotaka. Wewe atakuamini.

Wilkister


Nakuru
8 Machi 1987

Wifi mpendwa,

Pole sana. Nimesoma barua yako mara nyingi na kila mara natafuta la kusema. Tunakuombea kila jioni, na wavulana wanataja jina lako kabla ya la rais.

Huku kuna joto, maji ya bomba yanakuja siku moja moja. Mama mguu umezidi, hawezi tena kuteremka kisimani. Binti wa mzee Wanjohi, jirani yetu wa pale shambani, anamsaidia kuteka maji na kupika. Ni msichana mtulivu. Shule imepata madawati mapya kumi na mwalimu mmoja amehamishiwa Narok, kwa hiyo nafundisha madarasa mawili.

Lile uliloniomba sijalisahau. Mambo mengine yanataka wakati wake, na mama kwa sasa ana maumivu yake mwenyewe. Nitatafuta siku nzuri.

Gitau alipata barua ya mama? Ilitumwa Januari. Mimi siye niliyemwandikia, aliandikiwa na katibu wa kanisa.

Jikaze, wifi. Mungu hatupi mzigo tusioweza kuubeba.

Wako,
Wamuyu


Husby
3 Mei 1987

Wifi Wamuyu,

Nawasalimu nyote. Mwezi huu jua linakataa kutua na bado nje ni baridi, sijui linafanya kazi gani. Nimepumzishwa kazi wiki tatu.

Walinichungulia tarehe nane Aprili. Nilipozinduka Ekwall alikuwa amekaa kando ya kitanda, ingawa hiyo si kazi yake. Ugonjwa una jina, unaitwa endometriosi. Umeshikanisha mfuko wa kizazi na utumbo, mirija yote miwili ya uzazi imefungwa, na ovari ya kushoto ina uvimbe wenye damu nzito nyeusi. Alinichorea kwenye karatasi ili nione. Niliangalia nikaona kumbe miaka yote hii sikuwa mwongo. Utanishangaa, lakini nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa kama dakika moja, halafu nikaelewa maana ya mirija miwili.

Gitau alikuwa kwenye korido. Alipoambiwa aliuliza swali moja tu, kama nitapona nikizaa, kama wanavyosema watu. Daktari alisema atakayezaa lazima kwanza ashike mimba. Tulirudi na treni hadi Husby, akanibebea mkoba. Barua ya mama aliipata, ndiyo. Aliisoma bafuni na sijaiona.

Wamenipa dawa ya kuzuia hedhi. Nimenenepa, chunusi zimetoka usoni kama za msichana, vinyweleo vimeota kidevuni, na sauti imekuwa nzito. Juzi nilimpigia simu mwenye nyumba kuhusu bomba, akaniita bwana. Hajara alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka naye, kisha nikaenda kujifungia.

Gitau amekata tiketi ya kuja huko Juni. Anasema ni wiki nne, kumwona mama na ule mguu wake. Mimi siwezi kusafiri kwa sababu ya dawa.

Wamuyu, ile siku nzuri uliyokuwa unaitafuta imepatikana? Mwambie mama kabla Gitau hajafika. Tafadhali. Akifika kabla mama hajajua, atakuta ameshapikiwa chakula na atakila, namjua mume wangu. Hajawahi kukataa sahani.

Wilkister


Husby
16 Agosti 1987

Wifi,

Hii ni barua ya pili tangu ile ya Mei, sijui kama ya Juni uliipata. Nimeuliza posta wakasema hawana habari ya mgomo wowote wa Kenya.

Wiki nne za Gitau zimekuwa tisa. Mwezi wa saba alinipigia simu mara moja kutoka mjini, akasema ameongezewa likizo na mama hajambo. Nyuma yake nilisikia watu wengi na sufuria zikigongana, nikamwuliza kuna nini. Akasema laini ni mbaya. Pale Kista wamenipigia kuuliza anarudi lini, nami nikawajibu kwa hii sauti yangu mpya kwamba mama yake ni mgonjwa. Nimemdanganyia. Hiyo kazi naiweza.

Damu yangu inapimwa kila mwezi. Ilishuka kwa dawa, Ekwall akafurahi, halafu Julai ikapanda tena kupita mwanzo. Nilimtaka aniambie maana yake. Akasema hajui. Kitu hiki kilianza kutumika kufuatilia saratani ya ovari. Hupanda kwa saratani na hupanda kwa ugonjwa wangu. Hata kwa mwanamke asiye na lolote kinaweza kupanda siku za hedhi. Na kuna wagonjwa waliojaa ugonjwa tumboni ambao damu yao iko chini kama ya wazima. Miaka mitatu ameitafuta alama moja ya kuaminika na bado hana. Aliniambia hayo akiangalia dirishani. Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma zaidi.

Hajara ananiletea chakula, ananiamrisha nile. Wewe niandikie mstari mmoja tu. Hata wa matusi.

Wilkister


Nakuru
20 Septemba 1987

Wifi Wilkister,

Barua zako zote tatu nilizipata. Sikuweza kujibu kwa sababu kila nilipoanza ilinibidi niseme uongo, na wewe umeshachoshwa na uongo wangu. Leo sianzi na mvua wala shule.

Gitau ameoa. Wametoa mahari kwa mzee Wanjohi Julai mwishoni, na Agosti binti aliletwa nyumbani. Zile sufuria ulizozisikia kwenye simu zilikuwa zetu. Mimi ndiye niliyekuwa napika. Ningeweza kukataa, na sikukataa. Nilijiambia ni desturi, mwanamume ana haki ya wa pili, wewe utabaki mkubwa. Nilijiambia mengi nikikoroga.

Mama nilimwambia. Nilimwambia kwa kuchelewa, wiki mbili baada ya sherehe, nikijua kwamba neno haliwezi tena kubadili kitu. Tulikuwa wawili, namkanda mguu. Nikamweleza ugonjwa kama ulivyonieleza, nikamweleza kuhusu jikoni na ile kanga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza ulianza kuumwa lini, nikamwambia tangu msichana. Akasema, "Angesema anaumwa tungemwombea. Alisema ni mzima, na wewe ulinisomea." Akavuta mguu wake.

Ninaandika nikitafuta la kumjibu mpaka sasa.

Yule msichana tayari anatapika asubuhi. Mama amekuwa mwingine. Anatembea bila fimbo. Akizungumza juu ya tumbo lile husema mimi. Mimi nitazaliwa wakati wa mvua, mimi nisibebeshwe ndoo nzito. Watu wanacheka na kumfurahia, na mimi nacheka nao kwa sababu ni mama yangu.

Gitau anasema atarudi Stockholm baada ya Krismasi kuchukua vitu vyake. Alinituma nikuandikie mimi, kwamba wanawake wanajua kusemezana. Nimemwambia yeye ni mwoga. Ndilo neno pekee nililompa.

Usinisamehe haraka. Najua ile methali, mficha maradhi kifo humuumbua, na juzi kuna mtu aliitamka hapa akikusema wewe. Nilitoka nje.

Wamuyu


Husby
11 Oktoba 1987

Wifi Wamuyu,

Nimepata barua yako Ijumaa. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi, Hajara akanikuta hapo akanipeleka kwake. Sikuvunja kitu. Siku ya pili nilitoa nguo za Gitau kabatini, nikazifua kwa zamu yetu ya mashine ya kufulia ya jengo, nikazipiga pasi na kuzifunga. Atakapokuja atazikuta safi. Sijui kwa nini nimefanya hivyo na sitaki kujua.

Kwa mama sina hasira unayodhani. Yeye aliambiwa mzima na akaamini mzima, kama Ekwall. Hasira yangu iko kwa Gitau, na kwako kidogo, na hiyo ya kwako itapungua, maana wewe ndiye pekee uliyeniandikia ukweli, hata kama ulikuja umepoa. Mtoto akizaliwa aitwe Wangechi. Ni haki yake. Mimi nilimtunzia jina hilo miaka minane.

Watanifungua tumbo tarehe ishirini na moja. Wataondoa mfuko wa kizazi na ovari zote mbili, na ndipo watajua kama ni ugonjwa wangu peke yake au kama ile saratani imo. Damu haiwezi kuwaambia. Ekwall ameniomba ruhusa ya kuchukua chupa moja kubwa ya damu kabla hawajanilaza, ya kuweka kwenye barafu. Anasema huenda baada ya miaka kumi mtu mwingine atajua cha kutafuta ndani yake. Nimemruhusu. Nimeandikwa kundi la wagonjwa sasa, na alipoandika alinisomea kwa sauti ili nikubali.

Muuguzi aliniuliza wamjulishe nani likitokea neno. Nilianza kutaja mume, nikaacha. Nimetoa jina lako na sanduku la posta la shule. Atakayeandika ni Hajara, kwa Kiswahili chake cha amri, kwa hiyo usishtuke akikuamrisha. Bahasha ikija na mwandiko usio wangu, usiipeleke kwa mama na usiwasomee kina mama wa kanisa. Ifungue peke yako, darasani, watoto wakishatoka.

Na Gitau usimwambie mpaka aulize.

Ni mimi wifi yako,
Wilkister